Iringa hadi Kyela na gari linalochemsha: siku tisa njiani

Nimerudi nyumbani Iringa na kuunganisha simulizi hii kwa picha za simu, risiti zilizobaki mfukoni, na daftari ambalo mdogo wangu alikuwa anaandikia hali ya mshale wa temperecha kila kilomita kumi mpaka alipochoka. Tulikuwa tunakwenda harusi ya binamu yetu Kyela. Tulipanga siku nne.

Kwanza gari lenyewe. Ni Toyota Mark II GX100, lililotoka Japani na injini ya 1G ya lita 2 isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia injini hewa zaidi. Mwaka jana niliitoa nikafunga 1JZ-GTE ya lita 2.5 yenye tabo. Bodi halikuleta shida, maana Toyota wenyewe waliuza ndugu yake, JZX100, akiwa na injini hiyohiyo. Kadi nikaenda kuibadilisha ili namba ya injini isije kunitia aibu barabarani. Pesa ilipoanza kuisha, nikabana upande wa maji. Rejeta ilibaki ileile nyembamba ya 1G. Mbele yake nikatundika intakula, ile rejeta ya kupoza hewa ya tabo. Feni kubwa ya mkanda haikupata nafasi, hivyo nikafunga feni mbili za umeme za mtumba. Kava la chini ya bampa lilitolewa siku ya kupitisha mabomba ya intakula, na mpaka leo liko stoo chini ya magunia ya mahindi.

Kwa hiyo injini ya farasi 280 ilikuwa inapozwa na rejeta iliyotengenezewa injini ya farasi kama 140. Anayejua magari ameshaanza kucheka.

Siku ya 1, Jumanne: Iringa – Makambako

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Julai Iringa ni baridi ya kuvaa makoti mawili, na kupanda gari wakati huo mtu hawazi kabisa habari za kuchemsha. Ipogolo tukajaza mafuta, tukashika njia. Mpaka Mafinga mshale ulikaa katikati kama umepigiliwa msumari. Tukanywa chai na maandazi pale stendi, 3,000 kwa watu wawili, tukasonga.

Shida ilianza karibu na Makambako, kwenye foleni ya malori. Tulikuwa tunatambaa mita hamsini, tunasimama, tunatambaa tena. Mshale ukaanza kupanda. Jambo ambalo sikulijua: geji za Toyota nyingi za miaka ile zimefanywa zikae katikati hata joto likipanda na kushuka kiasi. Ukiona mshale umeondoka katikati, maji yameshapita joto la kawaida kwa mbali. Nikadhani nina dakika kumi za kufikiri, kumbe sina hata mbili. Mvuke ukatoka pembeni mwa boneti.

Mdogo wangu alikuwa ameshashika tambara anakwenda kufungua mfuniko wa rejeta. Utingo mmoja wa semi aliyekuwa amesimama nyuma yetu akapiga kelele, "We dogo, unataka uso mwingine?" Akashuka, akatuonyesha mkono wake uliobabuka: yeye alishawahi kufungua. Alituletea dumu la maji, akakaa na sisi karibu saa nzima mpaka tulipoweza kushika hozi ya juu kwa mkono bila kuruka. Hakutaka hela. Alichukua maandazi mawili yaliyobaki.

Feni moja ilikuwa imekufa. Soketi ya waya wake ilikuwa imeyeyuka kwa sababu feni zote mbili nilizipitisha kwenye relei moja, ile swichi ya kuwashia feni. Fundi umeme wa jirani na stendi akakata waya, akaunga upya, akaweka relei ya pili, 15,000. Feni zote mbili zikawaka. Nikampa mkono. Kumbuka mkono huo.

Tukalala Makambako, gesti ya 20,000. Kwa wasiopajua, Makambako ina upepo unaoingia mpaka kwenye mifupa. Uliza kama wanachemsha maji ya kuoga kabla hujalipa, sio baada.

Siku ya 2, Jumatano: Makambako – Mbeya

Kutoka Makambako barabara inashuka kuelekea Igawa na pembeni mwa bonde la Usangu, na joto linabadilika kama umefungua mlango wa jikoni. Kwenye tambarare nikagundua kitu: nikienda 80 au 90, mshale unatulia, nikipunguza, unapanda. Dawa nikaona ni kukimbiza upepo. Dawa hiyo iliishia kwenye tochi ya trafiki ndani ya eneo la 50, faini 30,000. Nilijaribu kumweleza afande kwamba nakimbia kwa ajili ya rejeta. Alisikiliza mpaka mwisho, akaandika.

Igurusi tulikula wali na maharage kwa mama ntilie mmoja, 2,500 sahani, wali wa mpunga wa hukohuko Usangu, na huo peke yake ulistahili kusimama. Alipoona boneti iko wazi akatujazia chupa tano za maji bila kuombwa. "Mtazihitaji Inyala," alisema. Anawaona wengi.

Kweli. Mlima wa Inyala tulipanda nyuma ya lori la mbolea kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Nusu ya mlima tukaegesha, jiwe nyuma ya tairi, chupa za yule mama zikaingia zote. Uyole tuliingia saa moja usiku na hita imefunguliwa mpaka mwisho. Hita ni rejeta ndogo ya ziada: ukiona mshale unapanda, zima eya kondisheni, fungua hita na vioo vyote. Utatoka jasho wewe badala ya injini.

Siku ya 3, Alhamisi: gereji, Mbeya

Siku nzima gereji. Fundi kijana, mchangamfu, alisikiliza sekunde kumi akasema, "Kaka, toa thamostati," yaani ule mlango wa maji unaofunguka injini ikipata moto. Nimesikia sentensi hiyo kwenye gereji za nchi hii mara nyingi kuliko salamu. Akaitoa, akabadilisha mfuniko wa rejeta kwa 25,000, akajaza kulanti (maji ya kupozea injini), na ufundi 45,000. Mfuniko ulikuwa ushauri mzuri. Ule wa zamani mpira wake ulikuwa umekatika, na mfuniko ndio unaoshikilia presha: ule wa kawaida wa presha ya baa 0.9 hivi unaongeza karibu nyuzi 20 kwenye kiwango cha maji kuchemka. Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Bila mfuniko mzima, injini ya huku juu inachemsha kabla hata haijapata joto la kumtisha mtu wa Dar.

Jioni tulizunguka Mwanjelwa, Sokomatola, tukarudi. Mshale haukufika hata katikati. Nikatangaza ushindi kwa simu nyumbani. Mdogo wangu akaiokota thamostati kwenye takataka za gereji, akaitia kwenye kisanduku cha dashibodi. Nilimuuliza ya nini. "Ni ya kwetu," alisema.

Siku ya 4 na ya 5: Mbeya – Kyela, na harusi

Kutoka Uyole barabara inapanda hadi zaidi ya mita 2,000 pale Isongole kabla haijaanza kushuka kwenda Tukuyu. Tulipita saa moja asubuhi, ukungu umefunika viazi na watu wake, gari jepesi, sina haraka. Mshale chini. Kwenye mteremko ukalala kabisa, hita ikapuliza hewa ya baridi, na mafuta yalikuwa yanakwenda kama tumeyatoboa. Injini isiyopata joto lake inaendelea kumwagiwa petroli ya kuamkia. Ningekuwa makini, pale ningejiuliza maswali.

Njia hii ukungu wa asubuhi hauna utani. Washa taa, na usilipite lori kwa kuamini masikio.

Tukuyu chai, Kyela joto na minazi. Harusi ilikwenda vizuri, tulikula wali wa Kyela hadi tukasahau gari.

Siku ya 6, Jumapili: Kyela – Tukuyu

Shangazi alitupakia: gunia la mchele la kilo 50, mikungu miwili ya ndizi, na yeye mwenyewe na mjukuu wake wa kushushwa Tukuyu. Tuliondoka saa sita mchana. Kyela iko karibu na usawa wa ziwa Nyasa, karibu mita 500, na Tukuyu iko kama mita 1,500. Kilomita chache zaidi ya hamsini, na nyingi ni za kupanda.

Hatukufika hata nusu. Safari hii mshale haukuomba ruhusa, ulikwenda moja kwa moja juu na injini ikapoteza nguvu. Nilizima palepale, katikati ya migomba na kakao. Kama kuna kitu kimoja nilichofanya sawa kwenye safari hii ni kuzima palepale, maana hedi ya aluminiamu, kile kichwa cha injini, ikipinda hakuna tena habari ya kulanti, ni kufungua injini.

Shangazi hakusema neno. Alishuka, akavuka barabara, akaita "Mwagonile!", salamu ya Kinyakyusa, kwenye nyumba ya kwanza. Baada ya dakika tano tulikuwa na viti vitatu chini ya mwembe, ndoo mbili za maji, na ndizi za kuchemsha ambazo hatukuziomba. Mwenye nyumba alituambia tusimwage maji ya baridi kwenye injini ya moto. Yeye hana gari, ila barabara imepita mbele ya mlango wake miaka yote hiyo na ameona ya watu. Tulikaa saa mbili na nusu. Ndaga fijo, asante sana, mzee wangu, popote ulipo.

Shangazi, mjukuu na gunia wakapanda Hiace. Sisi tukapanda kidogokidogo, kilomita nne na kupumzika, na kuingia Tukuyu usiku. Chumba 25,000.

Siku ya 7, Jumatatu: Tukuyu

Mhudumu wa gesti alituelekeza kwa mzee mmoja aliyefanya kazi za malori miaka mingi, sasa anatengeneza magari uwanjani kwake kwa kuchagua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatuacha tusimame kama dakika kumi akimalizia chai. Kisha badala ya kufungua boneti akauliza: "Lilichemka likiwa linafanya nini?"

Nikaanza kumwambia habari za thamostati na mfuniko. Akanikata. Hakutaka kujua mafundi walisema nini, alitaka kujua gari lilikuwa wapi na lilikuwa linafanya nini, mara moja baada ya nyingine. Mdogo wangu akatoa daftari. Mzee akalisoma lote, na hapo ndipo alipotuheshimu. Makambako, foleni. Igawa, linatulia likikimbia na kupanda likipunguza mwendo. Inyala, mlimani nyuma ya lori. Kyela, mzigo na jua. "Kwenye foleni hakuna upepo ila wa feni," alisema. "Linalochemka foleni likapoa kwenye mwendo, kwanza tazama feni. Lingechemka kwenye mwendo wa kasi tambarare, ningeanza na rejeta yenyewe na pampu."

Akararua karatasi kwenye daftari letu, akawasha feni, akaiweka karatasi mbele ya intakula upande wa kushoto. Ikanyonywa, ikaganda. Akaipeleka kulia. Karatasi ikampeperukia kifuani.

Feni ya kulia ilikuwa inazunguka kinyume. Fundi umeme wa Makambako alipounga waya alizigeuza, chanya ikakaa kwa hasi. Feni ya umeme ya namna hii haikatai, inazunguka tu upande mwingine na kupuliza mbele. Tangu Jumanne feni moja ilikuwa inavuta na mwenzake anasukuma, na kwenye mwendo mdogo zilikuwa zinapokezana hewa ileile ya moto. Nilikuwa nimetazama feni hizo mara ishirini. Zinawaka? Zinawaka. Sikuuliza zinapuliza wapi.

Kugeuza waya ilichukua dakika tatu. Nikafikiri tumemaliza, nikaanza kuulizia bei. Mzee akaniambia nikae.

Akauliza thamostati iko wapi. Mdogo wangu akaitoa kwenye kisanduku cha dashibodi kwa madaha ambayo ataniringia nayo mpaka uzeeni. Mzee akamwomba mkewe sufuria. Akaitumbukiza ndani ya maji kwa uzi, jiko la mkaa likapulizwa, tukakaa tukichungulia kama watu wanaosubiri ugali. Ilianza kufunguka vizuri kabla maji hayajachemka. Ilikuwa nzima kabisa.

Kisha akanionyesha kwa kidole kile ambacho nilikuja kukisoma pia kwenye kitabu cha ufundi cha Toyota. Kwenye injini za JZ thamostati iko upande wa maji yanayoingia kwenye injini, na ina milango miwili. Injini ikiwa baridi, mlango mkubwa umefungwa na maji yanazunguka kwa njia ya mkato bila kupita kwenye rejeta. Ikipata moto, mlango mkubwa unafunguka na ule mdogo wa nyuma unaziba njia ya mkato, ili maji yote yalazimike kwenda kupoa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inarudi injini bila kuiona rejeta. Asubuhi ya ukungu Isongole hutalijua hilo. Mchana wa Kyela na gunia la mchele utalijua. Kitabu kinasema wazi: usiitoe hata kama injini inaelekea kuchemsha.

Nawaheshimu mafundi wetu, wameniokoa mara nyingi, lakini hii ya "toa thamostati" tuiache. Kuna injini ambazo kuitoa hakuziumizi sana. JZ si mojawapo.

Mpira wa thamostati ulikuwa umekatika. Tukapiga simu Mbeya, ukatumwa kwa basi kesho yake: mpira 5,000, mzigo 3,000. Mchana huo tukachukua bodaboda kwenda Kiwira kuona Daraja la Mungu, lile jiwe lililojitandaza juu ya mto. Nendeni. Ila viatu viwe vya kushika, kunateleza.

Siku ya 8, Jumanne: Tukuyu – Mbeya

Asubuhi mzee alijaza rejeta mpaka mdomoni injini ikiwa baridi, mfuniko wazi, akawasha na kukodolea macho. Anatafuta mapovu yasiyokoma, yaani moshi wa silinda unaopenya kwenye maji kupitia gasketi ya hedi. Hayakutoka. Akaniambia nizungushe injini huku yeye ameshika hozi ya chini kuona kama inajinyonya na kubana. Haikubana. Hapo nilipumua.

Kazi iliyobaki haikuwa hata ya ufundi, ilikuwa ya kushona. Kati ya intakula na rejeta kulikuwa na nafasi ya vidole vinne kila upande. Hewa ni mvivu: ikikuta njia ya pembeni haitajisumbua kupenya kwenye vyuma. Tukanunua sponji ya godoro, 4,000, tukaikata vipande na kuziba pande zote na juu. Chini, badala ya kava langu lililolala stoo Iringa, alikata dumu la plastiki la lita 20 na kulifunga kwa skrubu kati ya bampa na rejeta. Ni baya kulitazama. Kwa bahati anayeliona ni yule tu aliyelala chini.

Thamostati ikiwa imerudi mahali pake, ikabaki kujaza maji: gari likaelekezwa pua juu kwenye kilima cha uwanja, hita wazi, kulanti ikamiminwa taratibu, hozi zikiminywaminywa mpaka hewa ikaisha. Usiharakishe hapa, hewa ikibaki kwenye hedi utarudi mwanzo.

Mzee alichukua 50,000. Nilimwongezea mkungu wa ndizi wa shangazi, na akaucheka: kumpa mtu wa Tukuyu ndizi.

Tukashuka kwanza kilomita kumi na tano kuelekea Kyela, tukageuza na kupanda mchana wa saa saba, gia ya tatu, mguu mzito kwa makusudi. Katikati. Tukapita Tukuyu, tukapanda Isongole, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani na kila feni inapata kazi ya ziada. Mshale ulisogea unene wa kucha, ukarudi. Hita ilikuwa ya moto, na mafuta yakarudi kwenye kipimo chake.

Siku ya 9, Jumatano: Mbeya – Iringa

Njia ndefu, hakuna la kusimulia mpaka Makambako, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yake. Kwa hesabu za risiti, kuchemsha peke yake kulinigharimu 147,000, bila kulanti, faini wala vyumba vya usiku ambavyo havikuwa kwenye mpango. Rejeta nene ya JZX100 bado naitafuta. Sponji ya godoro sio dawa ya kudumu, na milima ya mwezi wa kumi na moja haitakuwa na baridi ya kunisaidia.

Makambako nilisimama kwa yule fundi umeme. Si kwa ugomvi, nilitaka ajue. Alinisikiliza akiwa amekunja uso, akachukua karatasi yetu, akaijaribu kwenye feni zangu: kushoto ikaganda, kulia ikaganda. Akatikisa kichwa. Kisha akatembea polepole na karatasi hiyohiyo mpaka kwenye IST iliyokuwa imeegeshwa uwanjani kwake, ambayo mwenyewe alikuwa anakuja kuichukua jioni ile. Akawasha feni, akaiweka karatasi mbele ya grili.

Ikapeperuka mpaka barabarani.